Nasaha za Nyumbani: Kodi ya Nyumba kwa Ndugu



Katika barua tulizoletewa mwezi huu imo moja iliyotoka Uingereza, nayo imetushughulisha kuliko zote. Mwandishi wake ni binti aliyeolewa, mwenye asili ya pwani yetu, na mama yake mjane akaa peke yake karibu naye katika mji mmoja wa nchi ile. Wako watu wetu wengi huko: waliotoka Unguja tangu mwaka 1964, waliotoka Barawa baada ya vita vya mwaka 1991, na waliokwenda kwa masomo au kwa kazi kutoka Mombasa na Dar es Salaam wakaweka makazi. Nyumba nyingi za pwani leo zina mtoto au ndugu huko. Kwa hiyo, ingawa sheria tutakayoieleza ni ya ugenini, watu inaowagusa ni wetu.

Binti huyu atueleza kwamba mama yake amekwisha fika umri wa pensheni. Miaka miwili iliyopita alihamia nyumba ndogo ya vyumba viwili vya kulala, mali ya mjomba wake binti, yaani ndugu wa mama wa tumbo moja. Mjomba mwenyewe akaa mji mwingine pamoja na mkewe na watoto wake. Walipatana kwa mdomo kodi ya pauni 600 kwa mwezi. Mama alikuwa akilipa kwa fedha za mkononi kutoka katika akiba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mara nyingine mwezi ulipita, akalipa miwili pamoja. Hapakuandikwa mkataba wala risiti. Sasa akiba imekwisha. Ameomba halmashauri ya mji imsaidie kodi, nayo imemletea waraka wa maswali: Mwenye nyumba ni nani wako? Mkataba uko wapi? Ushahidi wa malipo uko wapi? Usipolipa, atafanya nini?

Mama aliposomewa maswali hayo alilia, akasema: "Leo nimwombe ndugu yangu karatasi, kama mtu baki?" Mjomba naye, kwa huruma yake, ameahidi kuandika mkataba na kuutia tarehe ya miaka miwili nyuma, ili mambo yapite upesi. Binti atuuliza maswali mawili. La kwanza, je, mtu aweza kuomba msaada wa kodi hali ya kuwa mwenye nyumba ni ndugu yake? La pili, je, wakubali mkataba huo wa mjomba?

Jawabu letu kwa ufupi ni hili. Kukodi kwa ndugu hakumnyimi mtu haki yake, wala hakumpi haki asiyokuwa nayo. Kinachotazamwa ni kama kodi ni kodi ya kweli. Ama karatasi ya tarehe ya uongo, isitiwe sahihi kabisa. Mama huyu ana haki inayoweza kusimama kwa ukweli, na uongo mmoja waweza kuiangusha yote. Sasa tufafanue, kwa kuwa najua na sijui si sawa.

Msaada wenyewe ni upi

Nchini Uingereza uko msaada wa kodi uitwao Housing Benefit, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1982 na kutolewa na halmashauri za miji. Tangu mwaka 1983 ndio uliokuwa tegemeo la wapangaji wenye kipato kidogo. Kisha ikaja sheria ya mwaka 2012 iliyoleta Universal Credit, ambayo ilianza kulipwa mwaka 2013, nayo imekusanya misaada kadhaa pamoja. Leo mtu mwenye umri wa kufanya kazi, akihitaji msaada wa kodi, kwa kawaida huomba Universal Credit kwa Idara ya Kazi na Pensheni, na ndani yake imo sehemu ya kodi ya nyumba. Waombaji wapya wa Housing Benefit ni wale waliofika umri wa pensheni, na wale wakaao katika nyumba maalumu za uangalizi au za kuwahifadhi kwa muda. Mama wa binti yetu yumo katika kundi la umri wa pensheni. Ndiyo maana ameandikiwa na halmashauri.

Mtu asidhani kwamba halmashauri hulipa kodi yo yote iliyotajwa. Kwa mpangaji wa nyumba ya mtu binafsi kuna kiwango kiitwacho Local Housing Allowance, kilichoenea nchini tangu mwaka 2008. Kiwango hiki hutazama mahali nyumba ilipo na idadi ya vyumba vya kulala ambavyo watu wa nyumba wanavihitaji, wala si vyumba walivyo navyo. Tena hakipiti vyumba vinne hata jamaa wawe wengi namna gani. Mama akaaye peke yake huhesabiwa chumba kimoja, ijapokuwa nyumba yake ina viwili. Ni bora binti alijue jambo hili mapema, na mjomba alijue pia, kwani yawezekana msaada usifike pauni 600, na kilichobaki lazima kilipwe na mama mwenyewe.

Akiba nayo hutazamwa. Mwenye zaidi ya pauni 16,000 kwa kawaida hapati msaada huu, isipokuwa mzee anayepokea sehemu ya Pension Credit iitwayo Guarantee Credit. Na liko jambo la kutangulia yote hayo kwa wageni: ambaye ruhusa yake ya kukaa Uingereza imeandikwa sharti la kutotumia fedha za umma, asiombe msaada huu kabla ya kupata shauri la mtu ajuaye sheria za uhamiaji, kwani Housing Benefit na Universal Credit zote zimo katika fedha hizo, na kuziomba kwaweza kumharibia ukaaji wake.

Ndugu ni nani mbele ya sheria

Hapa ndipo wengi wetu hukosea, na kosa lenyewe hutoka katika lugha yetu. Kwetu sisi baba mdogo ni baba, mama mkubwa ni mama, na mtoto wa ami ni ndugu. Sheria ya Uingereza ina orodha yake fupi ya jamaa wa karibu. Wamo mzazi na mzazi wa kambo, mkwe, mwana na mwana wa kambo, mume au mke wa mwana, na ndugu wa kiume au wa kike. Na ye yote kati ya hao akiwa na mume au mke, huyo naye huingia. Hawamo babu na bibi, wala mjomba, wala shangazi, wala ami, wala binamu, wala mpwa. Ndugu wa kunyonya, ambaye kwetu ana hukumu zake katika ndoa, sheria ile haimjui.

Kwa sababu hiyo mtu anayejaza fomu asiandike kwa desturi ya nyumbani. Akiandika "baba" hali ya kuwa mwenye nyumba ni ami yake, amejiingiza mwenyewe katika orodha ambayo hakuwamo. Na akiandika "rafiki" hali ya kuwa ni kaka yake, amesema uongo, na uongo huo ukigunduliwa hatasadikiwa hata katika yale ya kweli. Na ataje uhusiano wenyewe kwa urefu: "ndugu wa mama yangu", "mtoto wa ndugu wa baba yangu".

Na orodha hiyo yafanya kazi gani? Yafanya kazi moja kubwa: ikiwa mwenye nyumba ni jamaa wa karibu wa mwombaji, au wa mume au mke wa mwombaji, na mwenye nyumba huyo akaa katika nyumba ile ile, basi hakuna msaada wa kodi. Mlango huo umefungwa, uwe mkataba umeandikwa au haukuandikwa. Kijana anayemlipa baba yake pauni mia mbili kwa chumba katika nyumba wakaayo wote, hata akilipa kila mwezi bila kukosa, hahesabiwi mpangaji katika jambo hili. Lakini nyumba iliyogawanywa kweli, kila upande una mlango wake na jiko lake, huweza kuhesabiwa kuwa makao mawili. Hilo huchunguzwa kwa hali yake.

Ndugu yake mama yumo katika orodha, lakini hakai katika nyumba ile. Kwa hiyo mlango huo haukufungwa kwake. Halmashauri haiwezi kumkatalia kwa sababu tu mwenye nyumba ni kaka yake. Inaweza kumkatalia kwa sababu nyingine, nayo ndiyo tunayoiendea sasa.

Kodi ya kweli na kodi ya jina

Kanuni za Housing Benefit za mwaka 2006, na za Universal Credit za mwaka 2013, zote zataka mapatano ya upangaji yawe kwa njia ya biashara. Maana yake si kwamba mwenye nyumba lazima achume faida kubwa, au amtendee nduguye kama adui. Maana yake ni kwamba mapatano yawe ya kufunga pande zote mbili: huyu ana wajibu wa kulipa, na yule ana haki ya kudai, na masharti yao yaweza kusimama mbele ya mahakama. Kadhalika kanuni zakataa upangaji uliozuliwa kwa makusudi ili kuvuta fedha za msaada.

Hakuna jambo moja linalokata shauri peke yake. Mwenye kuamua hukusanya mambo yote akayapima pamoja. Hutazama kodi ina uwiano gani na kodi za mtaa ule. Na ikiwa ni ndogo kidogo kwa ajili ya undugu, hilo peke yake halibatilishi mapatano. Hutazama kama kodi imekuwa ikilipwa, na ikikosekana kulifanyika nini. Hutazama nani alikaa mle kabla, na je, mwenye nyumba angempangisha mtu mwingine kama nduguye asingekuja. Na hutazama mambo yalianza lini: mtu aliyekaa bure miaka mitano, kisha kodi ikazaliwa wiki ile ile aliyoomba msaada, ataulizwa maswali mazito, tena ni haki aulizwe.

Kwa mama wa binti yetu, yako mambo mengi yanayomsaidia. Kodi ilikuwapo kabla ya ombi. Alilipa kwa akiba yake mwenyewe miaka miwili, na mtu halipi akiba yake yote kwa mchezo. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Sheria ya Uingereza huutambua upangaji wa namna hiyo. Kinachokosekana ni ushahidi, na ushahidi hautengenezwi, hutafutwa.

Utafutwe wapi? Kwanza, taarifa za benki za mama za miaka miwili. Ikiwa kila mwezi alitoa pauni 600, au 1,200 baada ya mwezi uliopita, karatasi hizo zasema zenyewe. Pili, taarifa za benki za mjomba, ikiwa fedha alizopokea aliziweka. Tatu, maandishi ya simu: watu wetu huandikiana, "Kaka, kodi iko tayari, njoo Ijumaa". Neno dogo kama hilo, lenye tarehe yake, lina uzito. Nne, hesabu za kodi ya mapato za mjomba. Mwenye kupokea kodi ya nyumba Uingereza, ikizidi pauni 1,000 kwa mwaka, yampasa kuieleza kwa wakusanya ushuru. Ikiwa mjomba ameeleza, amemjengea dada yake ukuta. Ikiwa hakueleza, na atengeneze jambo hilo kwanza, kwa kuwa hawezi kuiambia halmashauri kwamba apokea kodi na kuwaambia wakusanya ushuru kwamba hapokei. Na ikiwa nyumba ina mkopo wa benki, atazame kama benki ile yamruhusu kupangisha.

Haya isiyo mahali pake

Sasa tumwendee mama, maana machozi yake ndiyo yaliyotufanya tuandike.

Mama, haya yako ni haya ya mtu mwema, lakini imekaa pasipo mahali pake. Umeona kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana. Sivyo. Aya ya 282 ya Sura ya Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Kurani, imekuja kwa jambo hili hili la kuandika madeni na kuyashuhudisha, wala haikumtoa ndugu katika amri yake. Na wanazuoni wetu, katika mlango wa ijara, wametaka ujira ujulikane na muda ujulikane, ili watu wasije wakagombana. Wazee nao walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuwaangalie ndugu tunaowajua. Ni wangapi waliokosana kwa sababu ya nyumba? Na katika hao, ni wangapi waliokosana kwa sababu waliandikiana? Wengi waligombana kwa sababu hawakuandikiana: mmoja akasema nilikupa, mwingine akasema nilikukodisha, akafa mwenye nyumba, watoto wake wakaja wasijue shangazi yao akaa mle kwa haki gani. Karatasi hiyo, mama, yakulinda wewe mbele ya halmashauri, na siku ya siku yakulinda mbele ya warithi. Yamlinda na kaka yako pia.

Yako mazungumzo moja ambayo ndugu hawa wawili hawajayafanya, na yawapasa kuyafanya kabla ya kujibu waraka. Mama amuulize kaka yake waziwazi: "Nikishindwa kulipa kabisa, utafanya nini?" Asimfundishe jawabu. Na mjomba ajibu lililo moyoni mwake.

Pengine atasema: "Dada yangu, nyumba hii nailipia mkopo. Nitakusubiri kama mtu mwungwana amsubirivyo mpangaji wake, lakini kodi isipopatikana sitaweza kuishika. Itanibidi nipangishe mtu mwingine, nawe nikutafutie pa kukaa." Hilo ni jawabu la mwenye nyumba. Mama na aliandike hivyo hivyo katika waraka.

Pengine atasema: "Sikudai kamwe. Zile fedha nilizipokea kwa kuwa wewe ulipenda kunipa. Usiponipa, kaa mpaka mwisho wa umri wako." Hilo ni neno zuri kupita la kwanza, na Mwenyezi Mungu atamlipa. Lakini hiyo si kodi. Ni hisani ya ndugu kwa nduguye, na hisani haiombewi fedha za umma. Ikiwa ndivyo, mama aondoe ombi lake, akae kwa amani, na mambo mengine ya kumsaidia, kama Pension Credit, ayaombe kwa njia yake. Hapatakuwa na aibu yo yote. Aibu ni kuichukua hisani na kuivika nguo ya kodi.

Tarehe ya uongo

Ama ahadi ya mjomba ya kuandika mkataba wa tarehe ya nyuma, twamsihi aiache. Twajua hakukusudia wizi. Amefikiri: mapatano yalikuwapo kweli, kwa hiyo karatasi yasema kweli. Lakini karatasi yenye tarehe ya miaka miwili nyuma yasema jambo moja zaidi, kwamba iliandikwa siku ile. Na hilo si kweli. Wachunguzi huijua wino mpya na maneno mapya. Mama akiulizwa, "Uliutia sahihi lini?", tumfundishe kusema nini? Je, mwanamke wa umri ule, aliyeilea jamaa yake kwa ukweli, leo afundishwe uongo na ndugu yake na binti yake?

Mwenye kutoa maelezo ya uongo ili kupata msaada aweza kutakiwa kurudisha fedha zote, kutozwa faini, na hata kushitakiwa na kufungwa. Na aliyemsaidia naye hasalimiki.

Njia iliyonyoka ni nyepesi kuliko hiyo. Waandike leo, kwa tarehe ya leo, hati mbili. Ya kwanza ni maelezo, yaliyotiwa sahihi na wote wawili: kwamba tangu mwezi fulani wa mwaka fulani walipatana kwa mdomo kodi ya pauni 600, kwamba ililipwa kwa fedha za mkononi, kwamba mwezi fulani na mwezi fulani ilichelewa na ikalipwa baadaye. Wasifiche ile miezi iliyochelewa. Mpangaji wa kweli huchelewa pia, na daftari lisilo na doa hata moja halisadikiki. Ya pili ni mkataba wa upangaji tangu leo na kuendelea: jina la mwenye nyumba na la mpangaji, anwani, kiasi cha kodi na siku ya kulipwa, nani atatengeneza kitu kikiharibika, na namna ya kuvunja mapatano kwa kupeana taarifa. Tangu hapo kodi ilipwe kwa benki, kwa agizo la kila mwezi, hata ikiwa mjomba akaa mlango wa pili.

Wala wasiogope kwamba kwa kusema kweli wamepoteza. Mwenye umri wa pensheni, akistahili, aweza kulipwa Housing Benefit kwa muda wa miezi mitatu iliyotangulia ombi lake, bila kuhitaji hati ya uongo. Kwa Universal Credit muda wa kurudi nyuma ni mfupi, mwezi mmoja, tena kwa sababu maalumu. Kwa hiyo mwenye kuihitaji asikawie.

Mambo mengine yanayowapata jamaa zetu

Kwa kuwa tumefungua mlango huu, tuseme kidogo juu ya mambo matatu tunayoyasikia mara kwa mara, yote katika kanuni za Housing Benefit.

La kwanza ni la wazee wanaompa au kumwuzia mwana nyumba yao, kisha wakabaki mle kama wapangaji wa mwana huyo. Aliyekuwa mwenye nyumba ile katika miaka 5 iliyopita hapati msaada kwa kuikodi, ila akithibitisha kwamba asingeweza kuendelea kukaa mle bila ya kuiuza. Mzee asitie sahihi hati ya nyumba kwa kutegemea kwamba halmashauri itamlipia kodi.

La pili ni la mtalaka. Mwanamke aliyeachwa, akabaki katika nyumba aliyokaa na mumewe na akakubaliana kumlipa kodi, hapati msaada kwa kodi hiyo. Na ikiwa analea mtoto wa mwenye nyumba, hapati pia, hata kama nyumba ni nyingine. Baba wa mtoto na asijifiche nyuma ya jina la mwenye nyumba. Matunzo ya wanawe ni wajibu wake.

La tatu ni la mtu mzima akaaye pamoja na mzazi anayepokea msaada. Huyo si mpangaji, lakini mara nyingi msaada wa mzazi hupunguzwa kwa sababu yake, kwa kuwa yadhaniwa anachangia nyumba. Basi na achangie kweli. Ni jambo la kusikitisha mzazi akikatwa kwa ajili ya mwana ambaye halipi hata shilingi.

Neno kwa vijana

Vijana wetu, ninyi ndio mnaowasomea wazazi wenu barua za serikali na kuwajazia fomu. Hiyo ni amana kubwa. Mzazi hutia sahihi pale mlipomwonyesha kwa kidole, bila kujua kilichoandikwa. Basi kila swali mwelezeni kwa lugha yake, jawabu lake liandikeni kama alivyolisema, na kabla ya sahihi mrudieni kumsomea. Kijana aliyeandika "hana akiba" kwa haraka, na mama ana akiba benki, hakumsaidia mama yake. Amemtia mashakani kwa mkono wake.

Na nanyi wenyewe mjue kwamba mtu wa chini ya miaka 35 akaaye peke yake katika nyumba ya kupanga, kwa kawaida huhesabiwa kiwango cha chumba katika nyumba ya kushirikiana. Kwa hiyo asipange nyumba nzima kwa binamu yake akidhani msaada utaimeza kodi yote.

Ombi likikataliwa

Halmashauri ikikataa, mama asidhani ndio mwisho. Ana mwezi mmoja tangu tarehe ya barua kuitaka ilitazame upya shauri lake, au kukata rufani kwa baraza la rufani, ambalo haliko chini ya halmashauri. Kwa Universal Credit lazima kwanza aitake Idara ilitazame tena shauri, ndipo akate rufani. Aombe sababu za kukataliwa kwa maandishi, na aende kwa washauri wasiotoza fedha, kama wale wa Citizens Advice, ambao wamezizoea kesi hizi. Kuuliza si ujinga.

Binti yetu, kwa ufupi: mpeleke mama kwa mjomba, au mjomba aje kwa mama. Wakae chini, waulizane lile swali moja. Wakiona ni kodi, waandike kwa tarehe ya leo, wakusanye karatasi za benki, wajibu waraka kabla ya siku iliyotajwa. Wakiona ni hisani, waiite hisani. Katika hali zote mbili, wabaki ndugu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amfanyie mama wepesi katika makao yake, amlipe mjomba kheri kwa nia yake, na azijaalie nyumba zetu ziwe nyumba za ukweli. Tukijaaliwa kuletewa habari zao, tutawaeleza wasomaji namna shauri lilivyokwisha. Wassalaam.